Jina Kwenye Meza ya Mama Yun

Tangu tulipomzika binti yangu, hakuna mtu katika boma la mume wangu aliyewahi kulitaja jina lake. Miezi kumi na minne. Hawafanyi kwa ubaya, hilo nalikubali hata siku ninapokuwa na hasira, na siku hizo ni nyingi. Ndiyo desturi ya wazee wa boma lile: aliyekufa hatajwi kwa jina, kwa sababu kumtaja ni kumtonesha kidonda aliyebaki. Ni Wamaasai wa kanisani, Jumapili wanaketi viti vya mbele, lakini hilo hawajaliacha. Siku ya mazishi Yieyo, mama mkwe wangu, alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Mtoto ameenda. Hata jina, wacha liende." Alikuwa akilia. Mimi, Mkikuyu wa Rongai, mke wa mwanawe, niliitikia kwa kichwa kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Jina lenyewe lilikuwa Gathoni. Halikuwa lake peke yake, lilikuwa la mama yangu, ambaye yuko hai na ana meno yake yote. Kwetu mtoto wa kike hupewa jina la bibi yake, na ukishampa, huyo si mtoto tu, ni bibi amerudi mdogo. Nilikuwa nikimwita "mami", na mjanja yule alijua maana yake, ananiagiza chapati kama mama anayemtuma mtoto dukani. Alikufa akiwa na miaka mitano, kwa homa ya uti wa mgongo. Jumatatu alisema kichwa kinamuuma. Alhamisi tulimfunika shuka.

Kwa miaka mitano niliitwa Mama Gathoni. Siku ya pili baada ya mazishi nikaanza kuitwa Wahu, kama msichana aliyeletwa jana na ng'ombe hawajamaliza kuhesabiwa. Mume wangu, Lesiamon, alishika simu yake akabadilisha jina la mama yangu, maana alikuwa amemwandika Mum Gathoni. Akaandika Rongai. Sasa simu ikiita ananiambia, "Rongai anapiga." Mji mzima unanipigia simu. Ningecheka kama ingekuwa nyumba ya mtu mwingine.

Kwa hiyo kila Jumatatu, siku yangu ya mapumziko, nilikuwa nikienda Rongai kukaa kwenye kibanda cha mama yangu cha mitumba. Nilijifanya namsaidia kupanga blauzi. Ukweli ni kwamba nilienda kusikiliza. Wanawake wanapita: Gathoni hii ngapi, Gathoni niwekee ile ya bluu, wewe Gathoni una maneno. Nafumba macho, nakula. Mama yangu si mjinga, alijua kilichonileta, na dawa yake ilikuwa moja. "Wahu, hii maneno ya kukaa ukilia wachana nayo. Zaa mwingine, umpe jina, mambo iishe." Kama balbu iliyoungua. Unatoa hii unaweka ile na taa inawaka.

Kule kumfuta, huku kumbadilisha. Mimi nilitaka jambo dogo tu. Nilitaka mtu asimame mbele ya watu, aseme jina la mtoto wangu kwa sauti, nami nipige magoti nilie mpaka nimalize. Mahali pekee nilipojua jambo hilo linafanyika ni kazini kwangu.

Nampikia Mama Yun. Ni Mkorea wa miaka sabini na kitu, mdogo wa mwili, mkali kuhusu vyombo. Mumewe alikuwa msimamizi wa kiwanda cha nywele bandia upande wa Athi River, akafia huku huku. Watoto wao wako Korea, wanampigia simu kila wiki arudi, naye anawajibu atarudi mvua zikiisha. Ana nyumba Kitengela, nyuma ya barabara ya Namanga, na uani amejenga ukumbi wa mabati. Jumatano anafundisha mapishi. Jumamosi vijana wa mtaa wanakuja kujifunza dansi za kwao na ngoma zao, zile zilizobanwa katikati kama nyigu. Akina mama wanaochuuza kabeji za Loitokitok wanamjua kwa jina, maana yeye hubonyeza kila moja kama daktari kabla ya kuipeleka nyumbani kuichachusha kwa pilipili.

Kila mwaka, mwezi ukiwa mpevu kati ya Septemba na Oktoba, anafanya sikukuu ya mavuno ya kwao, Chuseok. Watu wa Kitengela wanaipenda kwa chakula na ngoma. Lakini moyo wa siku ile ni meza ya waliokufa. Mama Yun alianza kuiandaa kwa ajili ya mumewe tu, kisha majirani wakauliza, mbona yeye pekee, akawaruhusu walete majina ya watu wao. Jina linaandikwa kwenye karatasi nyeupe, linabandikwa nyuma ya meza. Likisomwa, jamaa anatoka mbele, anamimina kinywaji, anainama mara mbili mpaka paji la uso linagusa mkeka. Halafu watu wote wananyamaza ili wageni wale wasioonekana wapate kula. Mwisho karatasi zinachomwa, nao wanaenda zao. Kuna mchungaji mmoja aliwahi kusema hiyo ni ibada ya mizimu. Mama Yun alimpelekea sahani ya vitumbua vya mchele vyenye ufuta ndani, na mpaka leo hajasema tena.

Meza ile naijua kuliko jiko langu. Najua chakula cha marehemu hakitiwi pilipili wala kitunguu saumu. Najua tufaha hukatwa juu kidogo, na kijiko husimikwa katikati ya wali, kitu ambacho ukikifanya mezani kwa walio hai Mama Yun atakupiga mkono. Mwaka jana sikukuu ilinikuta na wiki chache tangu mazishi, sikwenda kazini. Mwaka huu nilijiambia, huu ndio mwaka.

Nilimwomba wiki tatu kabla, tukiwa jikoni tunachekecha unga wa mchele.

"Mama Yun, mwaka huu nataka kuweka mtoto wangu kwa meza."

Aliweka chekeche chini. Binti yangu alimjua vizuri, alikuwa akija kazini nami, yeye anampa pipi za tangawizi, ila jina lake lilimshinda ulimi, akawa anamwita Kadogo.

"Wahu," alisema. "Mtoto, hapana. Meza hii, mtoto hapana."

Nikadhani sijamwelewa, maana Kiswahili chake ni cha sokoni. Nikamwambia nitapika mwenyewe, nitanunua matunda mwenyewe. Akatikisa kichwa. Akanieleza polepole, kwa mikono zaidi ya maneno, kwamba meza ile ni ya wakubwa. Mtoto ndiye humwinamia mzazi. Mzazi hamwinamii mtoto. Mtoto akitangulia kufa ameivunja njia, na hakuna meza ya kumwekea.

Lililoniudhi zaidi ni kwamba nilimwelewa. Hata bomani kwetu, kwenye salamu mtoto ndiye huleta kichwa chake, mkubwa anakigusa. Hujawahi kuona mzee akiinamisha kichwa kwa mtoto.

"Mimi pia," Mama Yun alisema, akaonyesha urefu wa mkate kwa mikono yake miwili. "Kijana. Siku mia moja, bado kidogo. Miaka arobaini na nne sasa. Mezani hayuko."

"Aliitwa nani?"

Alichukua chekeche akaendelea kuchekecha. Unga ule tuliuchekecha mpaka ukaisha. Ningemhurumia, ndiyo. Lakini siku ile nilikuwa nimechoka na watu wazima wenye adabu ambao wote wana sababu nzuri za kutomtaja mtoto. Nilitaka kumpiga kwa sufuria.

Nililala na hasira ile, nikaamka nayo, na kwenye hasira ndiko wazo lilikotoka. Jina lilikuwa moja. Meza inataka mtu mzima? Nitaipa mtu mzima. Nilichukua karatasi nyeupe kwenye droo, nikaandika kwa kalamu nyeusi kama inavyotakiwa: Gathoni. Mama yake Wahu. Rongai. Nilijiambia mama yangu yuko Rongai anauza blauzi, hatajua, karatasi itachomwa saa kumi na yote yataisha. Nilijiambia Mungu anajua ninayemwita ni nani. Mtu akitaka kitu sana hukosa akili huku akijiona ana akili nyingi.

Mama Yun aliisoma mara mbili.

"Mama yako? Amekufa?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Mwaka jana," nikasema. "Mwezi wa nane." Nikampa tarehe ya mtoto.

Alivua miwani. Akanishika kichwa akakilaza begani kwake, yule mwanamke asiyependa kuguswa, akasema maneno mengi ya kwao. Alidhani nimempoteza mtoto na mama, mwezi mmoja, nami sikumwambia mtu. Nililia kweli. Wiki zile tatu aliniwekea supu kila mchana, akanikatalia kuinua ndoo. Supu ile niliinywa yote, na ukweli sikuusema. Nilikuwa nimelikaribia sana lile jina.

Ajabu ni kwamba mama yangu nilikuwa nimemwalika mwenyewe, miezi miwili nyuma, kabla ya mambo haya, aje ale na acheze. Alinikatalia. Jumamosi ni siku ya soko, Jumamosi ndiyo mfuko wake. Kwa hiyo sikumfikiria tena. Ambaye sikumfikiria kabisa ni Lesiamon.

Mume wangu anauza nyasi za ng'ombe, anazibeba juu ya gari lake, Probox. Ni mtu wa maneno machache, na tangu msiba hata hayo machache aliyafungia. Lakini anaona. Alikuwa ameona kwamba siku za karibuni nasimama mlangoni na kikombe mpaka chai inapoa. Jumamosi ile asubuhi alipeleka nyasi Rongai, akapita kibandani kwa mama yangu, akamwambia, "Mami, funga leo. Nitakulipia hiyo soko. Twende tufurahishe Wahu." Hayo nimeyajua baadaye. Mwanamume ambaye hawezi kutamka jina la mkwewe alikwenda akamchukua, akamkalisha mbele, akamfungia mkanda.

Siku ilikuwa nzuri, jua bila vumbi. Watu kama mia mbili. Vijana walipiga ngoma zile za kiuno mpaka mabati yakaitikia, wasichana wa mtaa wa nyuma wakacheza na mafeni ya karatasi wakiwa wamevaa sketi pana za Mama Yun, nyekundu na kijani, walizozibana kwa pini. Mimi nilikuwa nyuma na sufuria za tambi za viazi vitamu. Saa tisa na nusu Mama Yun alitoka na nguo yake nyeupe, na watu wakakaa.

Anayesoma majina ni Brayo, kijana wa kutangaza harusi na mikutano Kitengela, maana Mama Yun hayawezi majina yetu. Brayo hajui kusema kitu polepole. Alisoma la mzee Yun kwanza, mjane akainama. Akasoma la mzee Mbithi, mwanawe Nick akatoka akainama akiwa amevaa jezi. Akasoma la Mama Florence, la Ondiek fundi. Mimi nilikuwa nimevua aproni. Nilikuwa nimenawa uso. Magoti yangu yalikuwa mepesi kama ya msichana.

"Anayefuata," Brayo akasema kwenye maikrofoni, "ni Gathoni! Gathoni wa Rongai!"

Nilijua litaniuma. Sikujua litakuwa tamu. Lilitoka kwenye spika mbili, likagonga mabati, likarudi. Miezi kumi na minne hakuna aliyelisema kwa ajili yake, na sasa lilikuwa kubwa kuliko ukumbi. Na Brayo, kwa sababu ni Brayo, hakulisema mara moja.

"Gathoni! Watu wa Gathoni wako wapi, wasee? Gathoni!"

Nilitoka nyuma ya meza ya vyombo. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye mkeka.

"Niko hapa!"

Sauti ilitoka mlangoni. Niliitambua kabla sijageuka.

Mama yangu alikuwa akija katikati ya viti na kitambaa chake cha kanisani na mkoba mweusi, akiwagusa watu mabega ili wampishe, anacheka. Alikuwa na aibu ya mtu aliyeheshimiwa ghafla. "Niko hapa, nakuja, nakuja. Hawa watu wamenijuaje jameni? Wahu, ni wewe umewaambia?" Nyuma yake, mlangoni, Lesiamon alikuwa amesimama ameshika maua ya plastiki aliyoyanunua njiani.

Watu wengine walicheka, wakidhani ni Gathoni mwingine. Kikuyuni wamejaa. Brayo alishusha maikrofoni.

"Mami, pole, hii si ya… hii ni ya wale wametuacha."

"Wameacha nani?" mama yangu akauliza, bado anatabasamu. Kisha akaangalia mezani. Aliona wali na kijiko kilichosimikwa. Akainua macho kwenye karatasi, na mwandiko ule anaujua, yeye ndiye aliyenishika mkono nikijifunza kuandika. Alisoma kwa midomo, kimya. Gathoni. Mama yake Wahu. Rongai.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka hivyo mbele yangu.

"Wahu," Mama Yun alisema. "Huyu nani?"

"Ni mama yangu."

"Mama yako amekufa."

"Hajakufa."

Ukumbi ulinyamaza kama wakati wa kuwaachia wageni wasioonekana chakula, ila ukimya huu haukuwa ule. Mama Yun alitazama karatasi, akamtazama mama yangu, na nikaona anaelewa alichofanyiwa nyumbani mwake, siku ya mumewe. Akafanya kile ambacho kwao mtu mwenye aibu hukifanya. Alimgeukia mama yangu, akapiga magoti kwenye mkeka ule ule, mbele ya meza ile ile, akainama mpaka paji la uso likagusa chini.

Kwao aliye hai huinamiwa mara moja, aliyekufa mara mbili. Mimi nilihesabu. Alipoinuka nikamshukuru Mungu hakurudia. Lakini mama yangu hakuijua hesabu hiyo. Alichoona ni mwanamke wa nguo nyeupe, aliyesimama mbele ya meza ya wafu, sasa anamwinamia yeye.

"Asiniinamie!" alipiga kelele, akirudi nyuma, kiti kikaanguka. "Mwambieni asiniinamie! Mimi sijakufa! Wahu, mwambie mimi sijakufa!"

"Mami, sikuwa naita wewe," nikasema. "Nilikuwa naita mtoto. Walikataa mtoto. Nilikuwa naita mtoto wangu, Gathoni wangu, si wewe."

Nilisema mbele ya watu mia mbili. Ndicho nilichokuwa nimetaka, sivyo? Mlangoni Lesiamon alisikia jina likitoka kinywani mwangu. Aligeuka akaweka paji la uso kwenye mabati, maua bado mkononi, na sikuona uso wake. Hakuna aliyelia. Watu walikuwa wananitazama kama mtu aliyevua nguo sokoni. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake karibu.

Mama Yun aliibandua karatasi. Aliikunja mara nne, kwa adabu, akanipa. "Hii siwezi kuchoma," alisema. "Kuacha hapa, siwezi pia." Akaingia ndani ya nyumba, na majina mengine Brayo aliyasoma kwa haraka, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma risiti.

Niliwakuta kwenye Probox. Mama yangu alikuwa ameshaketi kiti cha mbele, mlango wazi, mkoba mapajani. Lesiamon alikuwa nyuma ya usukani akiangalia mbele. Nilipiga magoti kwenye kokoto.

"Mami, nisamehe."

"Wewe ulisema nimekufa lini?" Aliuliza kwa utulivu, kama anayeuliza bei.

"Mwaka jana. Mwezi wa nane."

"Kwa hivyo mwaka mzima umekuwa ukikuja kwangu kukalia kiti ya maiti."

"Hapana, Mami. Nilikuwa nakuja kusikia wakikuita. Hiyo tu. Kwetu hapa hawawezi kumtaja. Huko kwako nasikia jina, naona ni kama ako."

Alifungua mkoba, akauangalia ndani. Nilidhani ameelewa, na nafikiri kweli alielewa, na ndiyo sababu alisema alichosema.

"Sasa sikiza. Mimi niliitwa nikaitika. Mbele ya hiyo chakula, nilisema niko hapa. Hakuna mtu anaweza rudisha hiyo. Hilo jina limeshakaa na hao watu." Alifunga mkoba, klik. "Jumatatu nitaambia watu wa soko waniite Zipporah. Niko nalo la ubatizo, sijawahi litumia. Mtu akiniita lile lingine sitaitika."

"Mami, usifanye hivyo. Tafadhali. Hakuna mahali pengine limebaki."

"Si ungefikiria." Sauti yake ilikatika kidogo hapo tu. "Na ukizaa mwingine, usimpe. Unasikia? Tafuta jina ingine."

Nilimwangalia Lesiamon. Nilimwomba kwa macho aseme neno, lolote, anikasirikie hata. Alinyoosha mkono juu ya magoti ya mama yangu, akavuta mlango, akaufunga taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Kioo kilikuwa wazi. Akawasha gari.

Kwetu mtu hamwiti mama yake kwa jina. Ni matusi, hata ulevi hauwezi kukutetea. Lakini gari lilikuwa limeanza kutembea, na nilijua baada ya hapo hakutakuwa na mtu duniani wa kuliitikia. Nilisimama katikati ya njia nikaita kwa nguvu zangu zote.

"Gathoni!"

Mabega ya Lesiamon yalishtuka, nikayaona. Gari halikusimama. Mama yangu alikuwa akisikia vizuri, kioo kilikuwa wazi, na hakugeuka.